Kiwanja Nilichokifua

Kisima kilikuwa hatua kumi na tisa kutoka ukingo wa kiwanja changu. Nimezihesabu mara mbili, kwenda na kurudi, lakini nilizihesabu nikiwa nimechelewa. Siku nilipoulizwa, nilijibu "kama thelathini hivi." Sikukusudia kudanganya. Nilipandisha tu, kama ninavyopandisha kila kitu kabla mtu hajaanza kushusha.

Mimi ni mtu wa sabuni. Nina kibanda Nguvumali, hapa Tanga, nauza malighafi kwa wanawake wanaotengeneza sabuni ya maji majumbani. Nina salfoniki, ile nzito yenye rangi ya asali iliyoungua. Nina magadi, chumvi ya kukazia, na manukato ya limau ambayo hayajawahi kukutana na limau. Nina CDE pia, majimaji mazito yatokanayo na mafuta ya nazi, ya kuongeza povu na kuhurumia mikono. Wateja wangu hupima sabuni kwa macho. Povu likiwa kubwa, sabuni ni nzuri. Likiwa dogo, wewe ni mwizi. Nimekula kwa povu miaka mingi, na povu hilohilo ndilo lililoniumbua.

Kuhesabu mara mbili nimerithi kwa baba. Alitoka bara kuja kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Maramba, na huko mnyapara alikuwa na tabia ya kuhesabu vitita vya wakataji jicho moja limefumba. Baba akajizoeza kuhesabu kabla ya mnyapara na baada ya mnyapara. Mazoea yakamwingia mpaka kanisani. Jumapili moja alimfuata mwinjilisti mlangoni akamwambia wameruka ubeti wa nne. Mwinjilisti akacheka. Baba hakucheka, alikuwa na kitabu mkononi kidole kikiwa juu ya ubeti.

Kiwanja nilikinunua kwa sababu kilikuwa kinanuka. Kilipakana na nyumba yangu kwa nyuma, na zamani malori yalikuwa yakitengenezwa pale. Oili chafu ilimwagwa chini mwaka baada ya mwaka, dizeli juu yake, mpaka udongo ukawa mweusi na laini kama halua iliyoharibika. Muuzaji alikuwa na aibu nacho. Kila alipotaja bei, mimi nilivuta hewa kwa pua, kwa sauti, kisha nikanyamaza. Akashusha. Nikavuta tena.

Kimya sokoni ni neno. Mnunuzi akinyamaza, hataki. Muuzaji akinyamaza, ameshakubali ila anaona haya kusema. Na mtu akikwambia "ngoja nizunguke, nitarudi," usimngoje, kwani kwetu hiyo ni namna ya kistaarabu ya kuaga. Nimefanya biashara kwa kanuni hizo tangu ujana na hazikunitupa hata siku moja. Kumbe zilikuwa zinanivutia subira.

Upande wa pili wa kiwanja anakaa Bibi. Si bibi yangu wa damu. Ni mwenyeji wa pale, mjane, na mtaa mzima unamwita hivyo. Kisima ni chake, ama niseme ni cha marehemu mumewe. Mume alipofariki, Bibi aliuza bangili zake akachimbisha kisima kiwe sadaka yenye kuendelea. Kila atakayekunywa, kila atakayetawadha kwa maji yale, thawabu zimfikie mzee kaburini. Hakuna kufuli wala mlinzi, wala hakuna kulipa. Bomba likikauka, na hukauka, watu wanapanga ndoo pale tangu alfajiri, na msikiti mdogo wa mtaani ulikuwa ukijaza birika lake hapohapo.

Mimi Mlutheri nilielewa hivi: maji ya bure. Asubuhi moja nikahesabu ndoo zilizotekwa, nikaenda kumpongeza.

"Bibi, leo sabini na moja."

"Sabini na moja nini?"

"Ndoo. Nimehesabu mara mbili."

Akanitazama kama mtu aliyemkuta mgeni anafungua sanduku lake. "Usihesabu, mwanangu. Ya Mungu hayahesabiwi. Mwenye kuyahesabu yupo, na si wewe."

Nikaacha kuhesabu. Yaani nikaacha kumwambia.

Masika yalipokaribia, alipiga hodi kwangu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamvutia kigoda, hakukaa.

"Nimekuja kwa kile kiwanja chako," alisema. "Mvua za mwaka jana maji yalipita pale yakatoka na marangirangi, kama shingo ya njiwa. Yalifika karibu na mdomo wa kisima. Mwaka huu yasifike."

"Hayatafika, Bibi. Nitaweka tuta."

"Tuta litabomoka. Wewe si muuza sabuni? Ufue huo udongo."

"Bibi, udongo haufuliwi."

"Kanga ya jikoni yenye samli haifuliwi? Basi ile kazi yako ni ya nini, kutunukishia?"

Nilicheka, lakini lilinichoma. Mtu akinikejeli sabuni yangu ni kama amenikejeli mama.

Bahati, nikidhani ni bahati, nilikuwa na mteja mmoja bwana wa maabara. Ofisi yake iko Raskazone, ndani ya mojawapo ya yale majumba ya kizamani yenye kuta za kuficha joto. Kila mwezi alikuja na bajaji kununua vitu vya kuoshea chupa zake. Alikuwa mteja mbaya kabisa, haombi punguzo, hasifii kitu, na anasoma kila kibandiko. Nikamuuliza kama mtu anaweza kufua udongo wenye oili.

Macho yakamwaka. "Inafanyika," alisema. "Na dawa yake unayo hapo nyuma yako."

Akanieleza nikiwa nimeegemea mapipa. Oili imeng'ang'ania chembe za udongo, maji matupu hayawezi kuitoa. Sabuni ina ncha mbili, moja inapenda mafuta, nyingine inapenda maji. Zikikusanyika nyingi hujikunja kuwa vitufe vidogo visivyoonekana, mafuta yakafungiwa ndani, yakachukuliwa. Lakini salfoniki ikiwa peke yake kwa maji yetu ya Tanga, yenye chokaa, nyingi itagandana na ile chokaa na kupotea bure. CDE peke yake nayo kuna udongo unainywa kabla haijafanya kazi. Ukizichanganya, zinabebana. Unatumia kidogo na kinachotoka ni kingi.

"Kama wake wenza wanaopatana," nikasema.

"Sijawahi kuwaona hao," akajibu, "lakini ndiyo."

Kisha akataja masharti. Nichimbue udongo wote ulioloa oili. Niuoshe ndani ya mapipa, au juu ya turubai nene, usiguse ardhi. Sabuni iwe kidogo. Maji yote machafu niyakinge, lisidondoke hata tone. "Sabuni haili mafuta, mama. Inayabeba tu. Ukishayabeba, lazima ujue unayapeleka wapi."

Hapo ningeshukuru nikanyamaza. Lakini mtu akinitajia sharti, mimi nasikia bei.

"Nichimbue kiasi gani?"

"Futi tatu."

"Futi moja."

"Tatu."

"Moja na nusu, na turubai naweka kubwa."

"Mama, hizi si nyanya."

"Basi nisichimbue. Nimwage juu kwa juu, iloe, izame taratibu yenyewe."

"Itazama na mafuta. Kisima cha karibu kiko umbali gani?"

"Kama hatua thelathini hivi."

Akanyamaza. Alitazama chini, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayepiga hesabu ya kuumiza. Dereva wa bajaji akapiga honi. Bwana wa maabara akachukua dumu lake, akasema, "Ngoja kwanza. Nitakuja nikione."

Nikamwangalia anaondoka, na moyoni nikajipongeza. Amenyamaza, kwa hiyo amekubali. Amesema atakuja, kwa hiyo ameaga.

Nilianza kesho yake. Nilichanganya kwenye mapipa manne, salfoniki niliyoiua ukali kwa magadi, CDE juu yake, maji ya bomba, nikakoroga kwa mti wa mkandaa. Alisema sabuni iwe kidogo. Nilipoona povu ni dogo nikajionea haya, nikaongeza. Sikuwa tayari mtaa uone kazi yangu haina povu. Nikamwagilia ndoo arobaini siku ya kwanza, arobaini ya pili, arobaini ya tatu. Zote nimezihesabu mara mbili. Kiwanja kikawa cheupe kama keki ya harusi, na chini ya weupe ule kitu cheusi kikawa kinachemka taratibu, kinameguka, kinashuka.

Watu walijaa ukingoni.

"Mama, ukimaliza kukifua unakianika wapi?"

"Akianike kwenye waya wa umeme!"

"Na barabara yetu je? Nayo ina madoa."

"Leteni," nikawajibu, "nafua na vinywa."

Siku ya nne udongo wa juu ulikuwa umerudi rangi ya udongo. Ile harufu iliyokuwa ikinisalimia kila nikifungua dirisha la nyuma haikuwapo. Bibi alikuja, akainama kwa taabu, akafinyanga donge dogo mkononi, akanusa. Akanusa tena. Alinishika kichwani, mimi Mlutheri mwenye mvi, akaniombea dua ndefu ambayo nilielewa neno moja moja, na mwisho akasema kwa Kiswahili, "Umemstiri mzee wangu." Nikapanda mchicha.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa hasira, na maji yalipita kiwanjani meupe. Hakuna shingo ya njiwa. Nilisimama mlangoni na mwavuli nikiyatazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake akisoma mbele za watu.

Siku ya kumi na moja tangu mvua ya kwanza, asubuhi, mwanamke mmoja alishusha ndoo kisimani, akaivuta, na alipoimimina kwenye dumu lake, maji yakapiga povu.

Kwanza walidhani kuna mtu kafulia karibu. Bibi akatoka na fimbo akamgombeza kila aliyekuwapo. Wakateka ndoo ya pili. Povu. Ya tatu ikatoka na povu na juu yake ngozi nyembamba inayong'aa, zambarau na kijani. Mmoja tu alinigeukia, kisha wote wakanigeukia, taratibu, kwa adabu, jinsi watu wa hapa wanavyojua kukuumiza bila kukutukana.

Akaitwa maalim wa msikitini. Ni mtu mpole, ana kibarua chake cha kushona kofia, hasemi sana. Alisema maji yanatazamwa kwa mambo matatu, rangi, harufu na ladha, yakibadilika kwa uchafu hayatwahirishi. Akaiweka ndoo juani, akaitazama mpaka jua likaingia mpaka chini. Akainama akanusa. Akachovya ncha ya kidole, akagusisha ulimi, akatema pembeni, akafuta mdomo kwa leso.

"Bibi," alisema, "haya hayafai."

"Kutawadha?"

"Kutawadha hayafai. Kunywa hayafai."

"Kufulia je?" nikauliza mimi.

Sikustahili jibu. Hata pale, mbele ya kitu kilichokufa, nilikuwa bado naomba nipunguziwe.

Bwana wa maabara alikuja siku ile ile mchana, na dumu lake la kawaida. Hakuwa amesikia lolote. Alikuja kukiona kiwanja, kama alivyosema atakuja. Nilimwona akisimama mbele ya mchicha, kisha akaelekea kisimani akipima kwa miguu, midomo ikihesabu. Akarudi akihesabu tena. Nilitambua mtu wa aina yangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Kumi na tisa," alisema.

"Nilipandisha."

"Ulipandisha?"

"Ndivyo tunavyosema bei. Unapandisha, mwenzio anashusha."

"Sikujua napaswa kushusha," alisema. Akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. "Nilinyamaza kwa sababu hata hizo thelathini zilinitia wasiwasi. Chini yetu ni mawe ya chokaa, yametobokatoboka. Mji mzima mnapeleka wageni kuyatazama mapango, mnasahau kuwa na nyinyi mmejenga juu ya dari la pango." Akauchezea mchicha kwa kiatu. "Yale mafuta yalikuwa yamekaa. Miaka yote yamekaa, yameshikana na udongo, mengi hayaendi popote. Kilichokuwa kikitembea ni kile kidogo cha juu. Wewe umeyapa yote nauli."

"Yatatoka lini?"

"Sijui."

"Mwaka?"

Akanyamaza.

"Miwili?"

Akanyamaza tena, na safari hii nilikijua kimya kile kilikuwa nini. Kilikuwa kimya tu. Hakikuwa na bei ndani yake.

Kesho yake tulijaribu kukikausha kisima. Vijana wa mtaa waliteka kwa zamu toka asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nikimwaga kwenye mapipa yangu mwenyewe, ndoo mia mbili na kumi na mbili. Nilizihesabu mara moja tu, ya pili nilishindwa, macho hayakuona. Kisima kikapungua, kikapumua, na baada ya sala ya alasiri kikajaa upya. Ndoo ya kwanza ilikuwa safi, nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Ya pili ilikuwa na povu.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini muda wote. Akainuka, akaenda kisimani, akaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa la miaka, limekaza kwa maji, na vidole vyake si vya kufungua kitu. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alipomaliza aliikunja ile kamba, akaja akaniwekea mikononi pamoja na ndoo.

"Bibi, nitachimba kingine," nikasema. "Upande wa juu, mbali kabisa. Kwa jina la mzee. Nitajenga na sakafu, na paa."

"Chimba. Kitakuwa chako."

"Hapana, nitasema mbele ya maalim kwamba ni cha mzee."

"Mwanangu, mimi kile nilikichimba kwa bangili nilizovalishwa naye. Nilimpa kilichokuwa chake. Wewe utampa kitu gani?" Hakuwa amepandisha sauti. "Kila alfajiri nilikuwa nikisikia kamba ikilia kwenye gurudumu, nasema moyoni, haya, mzee kapata. Kesho alfajiri nikisikia kimya niseme kapata nini?"

Nilifungua mdomo. Maisha yangu yote sijawahi kukosa pa kuanzia. Hata ukinitajia kitu kisichouzwa, nitakutajia nusu yake. Nilisimama na kamba mbichi mikononi ikinilowesha kifua, na sikupata pa kuanzia.

Baadaye nilifanya kama nilivyoambiwa. Nililing'oa lile shamba la mchicha, nikachimbua futi tatu kamili, nikipima kwa mti wenye alama. Nilitandika turubai mbili, moja juu ya nyingine. Nikaosha udongo ndani ya mapipa, sabuni kidogo, salfoniki na CDE nusu kwa nusu, karibu bila povu. Bwana wa maabara alikuwa akija kutazama, akichukua chupa chache, na alisema kweli. Ilifanya kazi. Mafuta yalitoka kama yaliyoitwa kwa jina. Udongo ulirudi kuwa udongo, ukanukia udongo, ukaota tena mchicha mnene wa kutia hasira. Hakuna anayeununua. Naula peke yangu, na ni mtamu.

Maji machafu niliyoyakinga yako kwenye mapipa kumi na manne chini ya banda, kumi na manne nimehesabu mara mbili, na hakuna ofisi niliyoiendea ambayo haikuniambia nirudi wiki ijayo. Kila mvua ikinyesha natoka kwenda kutazama vifuniko.

Kamba niliirudisha kwenye gurudumu, lakini kwa kazi nyingine. Maalim alisema yeye hawezi kuja kila wiki kuonja mafuta. Aliyeyapeleka ayaonje. Alisema kwa upole, na Bibi hakupinga. Basi kila Ijumaa asubuhi nashusha ndoo. Gurudumu linalia. Naiweka ndoo juani, nangoja jua liingie mpaka chini. Bibi anakuwa ndani, dirisha liko wazi, hatoki.

"Rangi?" anauliza.

Miezi ya kwanza nilijibu hapana, akafunga dirisha. Sasa rangi ni nzuri. Ijumaa iliyopita ilikuwa nzuri kupita zote, niliona mpaka mshono wa kitako cha ndoo.

"Safi, Bibi."

"Harufu?"

Nikainama. Nikanusa, nikageuka nikavuta hewa ya pembeni, nikanusa tena. "Hamna."

Nilimsikia akisogea karibu na dirisha. Fimbo iligonga sakafu mara moja.

"Ladha?"

Nikachovya ncha ya kidole, nikaweka ulimini. Ilikuwapo, kidogo sana. Mtu mwingine asingeisikia. Ningeweza kusema hamna, na siku ile ile watu wangepanga ndoo, na alfajiri kamba ingelia, na hakuna ambaye angedhurika sana kwa kidogo kama kile, na mzee angepata. Nililipigia hesabu jambo hilo mara mbili. Kisha nikageuza uso, nikatema taratibu, asisikie.

"Usijisumbue kusema," Bibi akanena kutoka ndani, na dirisha likafungwa.